Conan Doyle alivyorudi kwa Sherlock Holmes mwaka 1927: orodha yake ya hadithi 12, na deni letu kwa Bwana Msa

Rafu ya Juu (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti muda bila kuona uzi wa "nipeni riwaya kali ya kipelelezi", na majibu huja kwa mtindo mmoja: majina ya vitabu yamemwagwa, hakuna anayesema kwa nini hiki kiko juu ya kile. Nimeona nilete kisa cha mwandishi aliyelijibu swali hilo kuhusu kazi zake mwenyewe, hadharani, tena kwa kutoa sababu. Ni Arthur Conan Doyle, mwaka 1927, akiwa mtu wa miaka 68 aliyebakiwa na miaka mitatu ya kuishi.

Historia kwa kifupi kwa wasioijua. Doyle alikuwa daktari, mzaliwa wa Edinburgh. Mpelelezi wake wa kubuni, Sherlock Holmes, alitokea mara ya kwanza mwaka 1887 katika *A Study in Scarlet*, na hakimiliki yote ya kitabu hicho Doyle aliiuza kwa pauni 25. Jina lilikuja kuvuma kuanzia Julai 1891, jarida la Strand la London lilipoanza kuchapa hadithi zake fupi, kisa kimoja kinachoanza na kuisha ndani ya toleo moja. Haikupita miaka mitatu Doyle akawa amemchoka mtu wake. Moyo wake ulikuwa kwenye riwaya za historia, na aliona Holmes anamlia muda. Desemba 1893 akamwangusha kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi pamoja na adui yake, Profesa Moriarty. Alikusudia iwe mwisho.

Wasomaji hawakukubali. Mwaka 1901 akawapa *The Hound of the Baskervilles*, lakini akawa mwangalifu kukiweka kisa hicho kabla ya Reichenbach, ili marehemu abaki marehemu. Mwaka 1903 jarida la Collier's la Marekani likamwekea mezani dola 45,000 kwa hadithi 13. Alikubali kwa maneno mawili kwenye kadi ya posta. Ndipo Holmes akarudi London mzima, na maelezo kwamba aliyeanguka alikuwa Moriarty peke yake.

Sasa njooni 1927. Jumla ya hadithi fupi za Holmes zimefika 56 na riwaya 4. Ya mwisho kabisa inachapwa Strand mwezi Aprili. Lakini mwezi mmoja kabla yake, Machi, Doyle anaandika tangazo kwenye jarida hilo hilo: anawataka wasomaji wachague hadithi 12 bora kuliko zote kutoka kwenye mikusanyiko minne iliyokwisha kutoka, yaani hadithi 44. Yeye naye ana orodha yake. Atakayekaribiana naye zaidi atapata hundi ya pauni 100 na nakala ya kitabu chake cha kumbukumbu, *Memories and Adventures*, yenye saini yake.

Juni majibu yakatoka. Mshindi alipata 10 kati ya 12. Na Doyle akaandika makala ya kueleza alivyochagua. Kwangu mimi makala ile ina thamani kuliko shindano lenyewe, na ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Namba moja aliiweka *The Speckled Band*, ile ya nyoka anayeshuka kwa kamba ya kengele juu ya kitanda. Alisema ina hakika ya kuwemo kwenye orodha ya kila mtu. Ya pili *The Red-Headed League* na ya tatu *The Dancing Men*, zote mbili kwa upya wa wazo. Waliozisoma mnajua: kwenye ya kwanza mwenye duka la rehani anapewa pauni 4 kwa wiki anakili ensaiklopidia kwa mkono, kumbe ni mbinu ya kumtoa dukani ili watu wachimbe handaki kutoka chini ya duka lake hadi benki. Kwenye nyingine, vijitu vinavyocheza vimechorwa kwa chaki, na Holmes anavisoma kwa kuhesabu ni kijitu kipi kinarudi mara nyingi zaidi, maana katika Kiingereza herufi E ndiyo inayotokea kuliko zote.

Ya nne ni ile ya Reichenbach, kwa sababu Moriarty ndiye adui pekee aliyempa Holmes kazi ya kweli. Ya tano ni *A Scandal in Bohemia*. Hii aliiheshimu kwa kuwa ndiyo iliyowafungulia njia wenzake, na kwa sababu mwanamke ana nafasi kubwa ndani yake kuliko ilivyo kawaida ya visa vya Holmes. Ya sita ni ile ya kumfufua. Zikafuata *The Five Orange Pips*, *The Second Stain*, *The Devil's Foot*, na *The Priory School*, hii ya mwisho kwa ajili ya dakika moja tu: pale Holmes anapomnyooshea kidole Duke mwenyewe, mtukufu ambaye mwanawe ametoweka. Ya kumi na moja *The Musgrave Ritual*, kwa ladha yake ya historia.

Alipofika ya kumi na mbili akasema wazi kwamba zilizobaki zinalingana, angeweza hata kuchomoa jina moja mfukoni. Akachukua *The Reigate Squires*, ambamo Holmes anatazama kipande cha karatasi kilichochanika na kutambua kwamba ujumbe umeandikwa na watu wawili, mmoja neno hili na mwenzake neno linalofuata, mmoja kijana na mmoja mzee, tena wa damu moja.

Angalieni na aliyoiacha. *Silver Blaze*, ile ya farasi wa mashindano aliyepotea, wasomaji wengi wanaipenda mpaka leo. Doyle aliiondoa kwa sababu maelezo yake ya mbio za farasi yana makosa. Kwenye kitabu cha kumbukumbu alikuwa amekwisha kusimulia jinsi mjuzi mmoja wa mbio alivyoichambua gazetini na kuonyesha kwamba, kwa kanuni za mchezo ule, nusu ya wahusika wangekuwa jela na nusu nyingine wangepigwa marufuku viwanjani maisha.

Mwandishi aliyeuza vitabu miaka 40, anainadi kazi yake kwa kuwaambia watu ipi imara na ipi ina ufa. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Naamini ndiyo njia bora ya kurudi kwa mpelelezi wa zamani, na sijaona ikifanywa kwa riwaya zetu, kama zile za Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja. Karibuni.

---

Binti Forodhani:

Ahsante sana kwa uzi, kaka. Nimeusoma mara mbili.

Ila nina shaka moja. Mbona mimi naona biashara tupu? Mtu ana kitabu kipya njiani, anaanzisha shindano kwenye jarida lile lile linalomchapa, anatoa zawadi, watu wanakimbilia kununua vitabu vya zamani wavisome upya ili wajaze orodha. Werevu wa soko huo, na haukuanza leo.

Halafu hiyo ya nyoka. Nyoka anaitwa kwa filimbi na anapewa maziwa! Sisi watu wa mashamba tunawajua nyoka. Nyoka hasikii filimbi kama asikiavyo mbwa. Kama *Silver Blaze* imetolewa kwa makosa ya farasi, kwa nini hii iwe namba moja?

---

Rafu ya Juu:

Dada, hoja zote mbili nzito, nianze na ya biashara.

Ni kweli, na wala sitaki kuificha. Mkusanyiko wa mwisho, *The Case-Book of Sherlock Holmes*, ulitoka Juni hiyo hiyo ya 1927. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya kitabu. Miaka ile Doyle alikuwa ameyatoa maisha yake yote kwa imani ya kuwasiliana na roho za wafu. Alikuwa amefungua duka la vitabu vya imani hiyo London mwaka 1925, alisafiri mabara kuihubiri, na mali yake nyingi iliishia huko. Hata huku kwetu alifika: safari yake ya 1928 na 1929 ilimpitisha Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Ipo filamu fupi ya sauti ya miaka hiyo, yuko bustanini na mbwa wake, anazungumza mambo mawili tu: Holmes na roho. Anaanza na Holmes. Watu walikuja kwa ajili ya Holmes, na yeye akapata nafasi ya kusema lililomjaa moyoni.

Lakini tazama alivyoifanya hiyo biashara. Hadithi za kitabu kipya hakuziingiza kwenye shindano, kwa kuwa zilikuwa hazijatoka katika kitabu, ingawa alitaja kwamba mbili kati yake, *The Lion's Mane* na *The Illustrious Client*, zina hadhi ya kukaa na zile bora. Mtu wa biashara tupu angekwambia bora ni hiki kinachotoka wiki ijayo. Yeye aliwarudisha watu kwenye vitabu vya miaka 30 nyuma. Na ukiitazama orodha yake, hadithi 6 kati ya 12 ni za kabla ya Reichenbach, za wakati ule aliokuwa akilalamika kwamba Holmes anamharibia maisha. Hakuzitupa eti kwa sababu aliziandika akiwa amechoka.

Kuhusu nyoka, nakubaliana nawe kuhusu filimbi na maziwa. Tofauti ninayoiona ni hii. Kisa cha nyoka kinasimama juu ya hofu: chumba kimefungwa, kitanda kimebanwa sakafuni hakiwezi kusogezwa, kamba ya kengele haiiti mtu yeyote. Msomaji anashikwa na chumba kabla hata ya kumjua nyoka. *Silver Blaze* inasimama juu ya ujuzi wa mbio za farasi, na ujuzi ukiwa na kasoro nguzo inaondoka. Hiyo ni tafsiri yangu, Doyle hakuieleza hivyo.

Na alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Kwenye *The Priory School* Holmes anatazama alama za tairi za baiskeli na kusema baiskeli ilielekea upande gani. Wasomaji wakamwandikia wengi, wengine kwa hasira, kwamba haiwezekani. Doyle akatoa baiskeli yake akajaribu. Akakuta wasomaji wana haki. Kisha akagundua kwamba jibu rahisi lipo: penye vilima, tairi huchimba zaidi wakati wa kupanda na huacha alama nyepesi wakati wa kushuka. Yote akayaandika kwenye kumbukumbu zake mwaka 1924. Na bado mwaka 1927 hadithi hiyo akaipa nafasi, kwa ajili ya ile dakika ya kidole.

---

Mwalimu wa Zamu:

Wadau, habari za jioni. Mimi nafundisha fasihi sekondari, kwa hiyo nitalileta upande mwingine.

Kurudi kwa mpelelezi wa zamani kuna hatari zake, na Doyle mwenyewe ni mfano. Katika hadithi ya Reichenbach ya 1893, Holmes anamuuliza Watson, rafiki yake anayesimulia visa vyake, kama amewahi kumsikia Profesa Moriarty, na Watson anasema hajawahi. Kisha mwaka 1914 Doyle anaanza kuchapa *The Valley of Fear*, kisa cha wakati wa kabla ya Reichenbach, na humo Watson anamjua Moriarty vizuri kabisa. Jeraha la vita la Watson nalo: kwenye kitabu cha kwanza liko begani, kwenye cha pili liko mguuni. Wanafunzi wangu wakikuta mambo ya namna hii wanaona mwandishi hakuwa makini.

Halafu ubora. Nadhani hata wapenzi wa Holmes watakubali kwamba mkusanyiko wa mwisho una hadithi dhaifu. Kama mwandishi anarudi na mkono umechoka, si bora aache?

---

Rafu ya Juu:

Shikamoo mwalimu.

Doyle alikiri kwamba hakuwahi kuhangaika na mpangilio wa tarehe na vijambo vidogo, na kwamba alifanya makosa. Kwake kilichokuwa muhimu ni nguvu ya kisa. Mimi ningewaonyesha wanafunzi makosa hayo bila kuficha, maana yanafundisha jinsi mfululizo unavyoandikwa: mtu haandiki hadithi 60 huku amezikumbuka zote. Leo mwandishi anaweza kuwa na daftari la wahusika: umri, makovu, nani anamjua nani. Ndiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kurudi kwenye mfululizo wake wa zamani, ajisome upya kwa kalamu mkononi.

Kuhusu mkono uliochoka, Doyle aliiona hatari hiyo. Kwenye dibaji ya kitabu cha mwisho alisema anahofia Holmes asije akawa kama wale waimbaji maarufu ambao wakati wao umepita na bado wanarudi jukwaani kuaga tena na tena. Baada ya maneno hayo hakuandika hadithi nyingine ya Holmes. Alifariki Julai 1930.

Alijaribu pia njia za kuepuka kujirudia. Hadithi mbili za mkusanyiko ule wa mwisho zinasimuliwa na Holmes mwenyewe badala ya Watson. Mojawapo ni hiyo *The Lion's Mane* aliyoisifu. Kwa maoni yangu mbinu ile haikumfaa sana, kwa sababu Holmes akisimulia mwenyewe ule mshangao wa Watson unapotea. Ila naheshimu kwamba alithubutu akiwa na umri ule.

---

Kijana wa Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nina neno kuhusu namba tisa kwenye hiyo orodha, *The Devil's Foot*.

Kwa wasioisoma: watu wa nyumba moja Cornwall wanakutwa mezani, dada amekufa na ndugu wawili wamerukwa na akili, nyuso zimejaa hofu. Mwisho inajulikana ni moshi wa mzizi wa sumu kutoka Afrika Magharibi, uliotumiwa huko na waganga kuwapimia watu hukumu. Aliyeuleta Uingereza ni mzungu mwindaji simba. Mzizi wenyewe haupo duniani, ni wa kubuni.

Yaani kila Doyle akitaka kitu cha kutisha kisichoelezeka, anakitoa kwetu au India au visiwani. Nyoka wa namba moja ametoka India. Yule mtu wa visiwa vya Andaman kwenye *The Sign of the Four* amechorwa kama mnyama. Naipenda kazi yake, niseme kweli, nimeisoma tangu shule. Lakini tukisherehekea orodha hii na hilo tuliseme.

---

Rafu ya Juu:

Ndugu yangu wa Likoni, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta, kwa sababu jibu la hoja yako liliandikwa Unguja.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918. Alifanya kazi idara ya afya, kisha akawa mwandishi wa habari, akahariri gazeti la *Zanzibari*, na baadaye *Mkulima*, gazeti la mambo ya kilimo, mpaka alipostaafu 1968. Riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa.

Kwamba Bwana Msa ametoka katika ukoo wa Holmes hakuna anayebisha. Kiko cha tumbaku mdomoni kipo. Rafiki wa kusimama kando na kushangaa yupo, ndiye Najum. Polisi anayehitaji msaada yupo, Inspekta Seif. Lakini angalia alichokigeuza. Kwa Doyle, mambo ya kutisha yanaingia Uingereza kutoka mbali, yanasafiri kwa meli. Kwa Abdulla, mzimu uko pale pale kijijini, watu wanauamini, wazee wanautolea sadaka, na anayechunguza ni mtu wa mahali hapo hapo, anayezungumza Kiswahili cha hapo, anayewajua watu hao kwa majina ya baba zao. *Kisima cha Giningi* jina lake tu ni la nchi ya wachawi inayosimuliwa visiwani. Bwana Msa hadharau imani ya mtu. Anauliza maswali, anatafuta mkono wa binadamu nyuma ya jambo, na anaupata. Hakuna mzizi wa kubuni kutoka kwa watu wa mbali.

Huyu naye alikuwa mwandishi wa kurudi. Baada ya riwaya ya kwanza palipita miaka minane. Katikati yake kuna uhuru, Mapinduzi, Muungano. Kisha 1968 ikaja *Kisima cha Giningi*, halafu mfululizo wa haraka: *Duniani Kuna Watu* 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Kimya tena miaka minane, mpaka *Kosa la Bwana Msa* 1984. Jina hilo la mwisho lina uzito kwangu: mwandishi wa miaka 66 anarudi kwa mpelelezi wake na kuliweka neno "kosa" juu ya jalada, karibu na jina la mtu ambaye wasomaji walimzoea kwa kutokosea.

Abdulla alifariki 1991. Deni ninalolisema kwenye kichwa cha uzi ndilo hili: riwaya saba, na tunazijadili kwa jina moja au mawili yaliyopita mashuleni. Wangapi humu wameisoma *Siri ya Sifuri*?

---

Mwalimu wa Zamu:

Marahaba kijana. Hilo la mashuleni ni kweli kabisa. Kitabu kikishatajwa kwenye mtihani, kinasomwa kwa ajili ya "dhamira" na "wahusika" na kufungwa. Sijawahi kuona swali la mtihani linalouliza: ni ukurasa gani ulipoanza kumshuku muuaji, na kwa nini? Muhula ujao nitawapa darasa langu swali hilo.

---

Kalamu ya Usiku:

Wakuu, naomba niingie, jambo hili linanigusa. Mimi ni mwandishi mdogo. Miaka ya nyuma nilikuwa na mfululizo wa kachero wangu, nikiutuma sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp kwa malipo kidogo. Wasomaji walikuwepo, nikaacha kwa mambo ya maisha. Sasa nataka kuurudisha, kwanza niuze zile za zamani kwa mpangilio mzuri, halafu niandike mpya. Kwa haya mliyoyasema, nianzie wapi?

---

Rafu ya Juu:

Karibu sana, na hongera kwa kutaka kurudi. Nakupa maoni yangu, wengine wataongeza.

Zisome zote kwanza kwa kalamu mkononi na daftari la wahusika, kama nilivyosema hapo juu. Makosa ya majina na tarehe yarekebishe, lakini usiandike upya kijana uliyekuwa wakati ule. Wasomaji wako wa mwanzo wanaikumbuka sauti ile.

Pili, usiuze vyote kwa sifa moja. Hapa ndipo Doyle alipokuwa na busara kubwa. Waandishi wetu wengi mtandaoni wanatangaza kila kitabu kwa "hutalala", "moto", "usikose". Msomaji akisikia hivyo mara saba haamini tena hata moja. Waambie: anza na hii, kwa sababu hii. Ile ya tatu ni ya wapenzi wa mahakama. Ile ya pili mwisho wake ni wa haraka lakini ina muuaji ninayejivunia kuliko wote. Mtu anayekwambia udhaifu wa bidhaa yake unamwamini anapokwambia uzuri wake.

Tatu, waulize wasomaji kabla hujawaambia. Shindano la Doyle lilikuwa na maana kwa sababu orodha yake ilibaki siri mpaka wao wameleta zao. Angekuwa ametaja yake kwanza, wote wangemfuata. Wewe hauhitaji pauni 100. Sehemu ya kwanza ya kisa kipya bure kwa atakayekaribiana nawe inatosha.

Nne, amua kachero wako amezeeka au hajazeeka. Mwandishi Ian Rankin wa Uskochi alimwacha kachero wake Rebus azeeke kwa miaka ya kweli tangu 1987, akamstaafisha 2007 kwa kuwa umri wa kustaafu polisi ulikuwa umefika, na alipomrudisha 2012 hakumrudishia beji: akamfanya raia anayesaidia kesi za zamani zisizotatuliwa. Kile kizuizi ndicho kilichompa kisa kipya. Agatha Christie alifanya kinyume. Kesi ya mwisho ya mpelelezi wake Poirot aliiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaifungia, ikatoka 1975, miezi michache kabla ya yeye mwenyewe kufariki. Kama kachero wako alikuwa na miaka 35 ulipoacha, sasa ana mingapi? Simu yake ya mkononi ni ipi? Nani kafa katika mtaa wake?

---

Kijana wa Likoni:

Hilo la nne limenigusa. Mimi ningesoma kwa hamu kachero aliyestaafu anayeitwa na kijana aliyekuwa chini yake.

Mleta uzi, nimeridhika na jibu la Bwana Msa. Kesho naenda kuangalia kwa wauza vitabu vya mitumba mjini kama nitapata chochote zaidi ya *Kisima*.

---

Kalamu ya Usiku:

Ahsanteni wote, nimechukua. Tena naanza na lile la kuwauliza wasomaji, maana kwa kweli nina kisa kimoja ninachokipenda na sijui kama kuna mwingine yeyote anayekipenda.

---

Binti Forodhani:

Kaka, nimerudi. Nimefikiri juu ya biashara na nakupa haki kwa sehemu: anayenadi kwa kuchagua ni tofauti na anayenadi kwa kelele.

Kwa vile Mzee Abdulla hayupo kutupa orodha yake, natoa yangu ya zile nilizozisoma, na sababu zangu, anayepinga apinge.

Ya kwanza naiweka *Mzimu wa Watu wa Kale*. Haikai hapo kwa sababu ni ya kwanza kutoka. Inakaa hapo kwa sababu mwandishi alitambua tangu mwanzo kwamba mahali pa kuogopwa ndipo mahali pazuri pa mtu kufichia ubaya wake, maana hakuna atakayekwenda kuchungulia. Ya pili *Duniani Kuna Watu*, kwa Kiswahili chake. Kuna mazungumzo mle ukiyasoma kwa sauti unamsikia bibi yako. *Kisima cha Giningi* ya tatu, najua wengi mtanipigia kelele kwa kuishusha, lakini nilisoma nikiwa na haraka ya mtihani na nataka kuirudia kwa nafasi kabla sijaipandisha. Ya nne *Kosa la Bwana Msa*.

*Siri ya Sifuri* sijaisoma, kaka, umenipata. Mwenye nakala Unguja aniambie, nitaisoma na kurudisha.